Kombe Halitoki Tupu

Simu ililia dirishani wakati Zebo ana burashi katikati ya meno na kombe la pilau, sahani kubwa ya udongo, mapajani, amefika pale pagumu pa kuliunganisha ua la mwisho na la kwanza. Hakuinuka. Mama mkwe wake, Salomat, aliyekuwa akikanda unga wa mkate upande wa pili wa baraza, ndiye aliyesema, "Pokea, mwanangu. Huenda ni Dilmurod."

"Dilmurod hapigi saa za kazi, mama. Huo mlio ni wa duka."

Hata hivyo alijifuta vidole, akaichukua. Salomat akamtazama usoni. Maandishi ya simu hayakumwelea kamwe, lakini uso wa mkwewe aliusoma vizuri, na sasa aliona midomo inakaza.

"Limevunjika," Zebo akasema. "Lile kombe kubwa la Almaty. Limevunjika, jamani!"

Unga ukamgandia Salomat mikononi. Kombe lile ndilo lililokuwa pambo la tanuri zima. Shemeji yake Yoqub alilifinyanga kwa gurudumu la marehemu kaka yake, mume wa Salomat, Zebo akalichora kwa rangi ya samawati mpaka macho yakamtoka machozi, na mwanamke mmoja wa Almaty, jina lake Raushan, akalinunua kwa ajili ya pilau ya harusi ya binti yake.

"La tatu hili," Zebo akaendelea. "La kwanza nililipa nikanyamaza. La pili tukagombana na yule baba mpaka akatupatia alama ya nyota moja. Sasa wenye soko la mtandaoni wanasema, nakusomea mama, wanasema lalamiko hili lisipoisha kwa amani, duka linafungwa."

Duka lenyewe lilikuwa ndani ya simu tu, halina mlango wala kufuli. Lakini Dilmurod, mwana pekee wa Salomat, alikuwa Urusi akijenga magorofa ya watu, na walikuwa wamekubaliana: duka likisimama imara, atarudi kabla theluji haijaanguka, akae kwenye gurudumu la baba yake. Juu ya mlango wa ndani ulining'inia mkate aliouuma siku ya kuondoka. Pale kwao msafiri huuma mkate, uliobaki ukatundikwa umngojee aje aumalize. Ule wa Dilmurod ulikuwa umekauka kama kigae, na alama ya meno yake ilikuwa bado wazi. Kila asubuhi Salomat akiupangusa vumbi alikuwa akizipitisha ncha za vidole pale penye meno.

Yoqub akaja, udongo mpaka kwenye viwiko. "Hebu nione picha."

Zebo akamwonyesha. Picha ya kwanza ilikuwa ya boksi, ya pili ya vipande.

"Boksi limenyooka kama tofali!" Yoqub akacheka kwa dharau. "Halina hata kibonyeo. Boksi zima, kombe vipande? Mke wangu aliwahi kuniambia paka kala nyama, nikampima paka kwa mizani, hakuwa ameongezeka kitu. Huyo mnunuzi kaliangusha mwenyewe jikoni kwake, anataka jingine la bure."

"Ndivyo ninavyoona na mimi, baba mdogo. Lilikuwa limefungwa vizuri. Plastiki ya mapovu chini, juu, pembeni. Kwenye bonde la kombe nilijaza magazeti mpaka likashiba."

"Nipe na mimi nione," Salomat akasema.

Akaishika simu mbali kidogo na macho. Vipande vilikuwa vimetandazwa juu ya meza. Akaona ua moja limekatika katikati, akasema innalillahi moyoni. Kisha kwenye pembe ya picha, nyuma ya kipande kikubwa, akaona kitambaa cha kijani chenye nukta nyeupe, kimefungwa fundo.

Aliijua ile nguo. Ilikuwa mtandio wake wa zamani. Fundo nalo alilijua, kwa sababu alilifunga yeye.

Akamrudishia Zebo simu, akarudi kwenye unga.

Salomat aliolewa katika nyumba ile akiwa binti mdogo, na tangu siku hiyo hakuna chombo kilichotoka mlangoni pake kitupu. Bakuli la jirani lilirudi na aprikoti kavu, na mwaka wa shida lilirudi hata na chumvi. Alipoona mara ya kwanza jinsi Zebo anavyomfungia mnunuzi kombe, limejaa magazeti yaliyokunjamana, uso ulimwaka kwa aibu. Mtu kakutumia pesa yake kutoka nchi nyingine, nawe unampelekea chombo kimejaa takataka! Kwa hiyo kila Zebo alipokwenda chumbani kutafuta selotepu, ambayo haikukaa mahali pamoja hata siku moja, Salomat aliyatoa magazeti, akaweka kifurushi cha jozi, kokwa za mti wao wa uani, zile za ganda jembamba, akasema bismillahi, akafunika. Hakusema, kwa sababu Zebo angeanza habari ya uzito na posta. Na usiku, kabla ya kulala, alijifurahisha kidogo kwa kumfikiria mtu asiyemjua, katika mji asiouona, anafungua boksi na kutabasamu.

Sasa aliziona zile jozi zinavyoruka ndani ya bonde la kombe, barabara yote mpaka Almaty, zinagonga, zinagonga.

"Umemwandikia nini?" akauliza, Zebo alipoiweka simu chini.

"Nimemwandikia boksi halina mkwaruzo, atueleze ukweli. Asituone wajinga."

Alasiri ile Salomat alipoteza hesabu ya rakaa, akaanza upya, akapoteza tena.

*

Dilmurod alipiga baada ya magharibi. Nyuma yake zilisikika sauti za wanaume na sufuria.

"Mama, mmekula nini?"

"Maandazi ya malenge."

"Aa, mama, usinitese! Sisi hapa tambi, jana tambi, kesho Mungu anajua, tambi." Akacheka, halafu akaanza kukohoa. Salomat akakisikiliza kile kikohozi mpaka mwisho wake.

"Unavaa ile sweta?"

"Ninaivaa. Mkate wangu upo? Panya hawajaumalizia?"

"Upo. Unakungoja."

"Nami naungoja." Akashusha sauti. "Zebo yuko karibu? Msimamizi anataka kujua nani anabaki msimu wa baridi. Ijumaa nimjibu. Akiniandika, siwezi kutoka mpaka jua lirudi. Duka linaendaje?"

Zebo alikuwa ameketi pale pale, shavu karibu na simu. Akamtazama mama mkwe wake, akatikisa kichwa: asiambiwe.

"Linakwenda," Zebo akasema kwa sauti ya furaha ya kununua. "Wewe subiri tu. Kesho nakwenda posta kwa jambo dogo, halafu nitakwambia."

"Mke wangu mfanyabiashara! Nikirudi utanipa kazi?"

"Utakanda udongo. Bosi mkali."

Simu ilipokatika, hakuna aliyeinuka. Ndani, juu ya sanduku la nguo, ulikuwa umekunjwa mfarishi mpya wa kujifunika, wa kitambaa cha atlasi nyekundu, ambao Salomat aliushona tangu mavuno. Pamba yake aliichambua kwa mkono, mbegu kwa mbegu, akaijaza nene kwa sababu mwanawe alikuwa mtoto wa baridi, miguu yake haikupata joto hata wakati wa kiangazi. Hakuna aliyeruhusiwa kujifunika nao. Wageni walipewa mingine.

"Mama," Zebo akasema polepole, "posta wana sheria. Kitu kikivunjika njiani, ukathibitisha kilifungwa sawasawa, wanalipa. Huyo wa Almaty atapata kombe jingine, sisi tutapata chetu, duka litabaki. Kesho twende wote. Nikiwa na mtu mzima wananiheshimu kidogo."

Salomat akafungua mdomo. Akaliona tumaini katika uso wa mkwewe, limekaa pale kama ndege kwenye waya. Akaufunga mdomo.

*

Karani wa posta alikuwa mwanamke mwenye kucha ndefu za rangi ya zabibu, akiandika kwa ncha za vidole ili asizivunje. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Tena wewe," alimwambia Zebo. "Bibi sahani. Mara ya mwisho ulikuja kulalamikia kombe. Hivi nyinyi mnachoma udongo au mnachoma biskuti?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja mwenye gunia la vitunguu akasema, "Biskuti angalau tungekula."

Zebo akameza mate. "Dada, lilifungwa vizuri. Picha hizi hapa. Boksi limenyooka."

"Boksi limenyooka, basi sisi hatukuliangusha. Tukiangusha hupinda." Akaisogelea picha. "Labda kama nyufa zilikuwamo tangu hapo."

"Hazikuwamo! Mama mkwe wangu hulipiga kila kombe kwa kidole kabla halijatoka. Lenye ufa halilii sawa. Muulize mwenyewe."

Karani akamwangalia Salomat, mtandio mpaka viatu. "Lililia, mama?"

"Lililia vizuri," Salomat akasema.

"Haya. Na ndani? Kuna mtu huweka mtungi wa asali, mwingine anaweka kufuli, kitu kinagongana huko ndani halafu kosa la posta. Ndani ya kombe ulikuwa umeweka nini?"

"Magazeti tu," Zebo akasema. "Wallahi, magaze—"

Salomat akamshika mkono kwa nguvu hata Zebo akashtuka. "Usiape, mwanangu."

"Mama?"

"Usiape." Akamgeukia karani. Alihisi foleni nzima inamsikiliza mgongoni. "Ndani mlikuwa na jozi. Niliziweka mimi. Yeye hajui."

Kwanza karani hakuelewa. "Jozi? Jozi hizi za kula?"

"Za mti wetu."

"Ndani ya kombe la udongo?"

"Chombo hakitoki tupu nyumbani kwangu."

Karani akageuza kiti. "Farida! Njoo usikie! Mama kaweka jozi ndani ya sahani, katutumia sisi tumvunjie!" Farida akaja na kikombe chake cha chai. Foleni ikavunjika mbavu. Yule mzee wa vitunguu ndiye pekee aliyeacha kucheka mapema, akatazama chini, kama mtu aliyemkumbuka mama yake.

"Hakuna malipo," karani akasema, akampa Zebo picha zake kwa ncha za kucha. "Anayefuata."

*

Zebo alitangulia njia nzima. Alikuwa mwanamke wa heshima, hakuwahi kumtangulia mama mkwe wake tangu siku ya ndoa. Kwenye daraja la mfereji akasimama, akageuka, uso umevimba.

"Yote matatu?"

"Yote matatu."

"Kwa nini, mama? Mimi nafunga kitu, wewe unakifungua nyuma yangu?"

"Niliona aibu, mwanangu. Magazeti."

"Na mimi nimemwita yule mama wa Almaty mwongo! Yule baba wa nyota moja, nilimwandikia maneno nisiyoweza kuyarudia mbele yako." Akajifuta kwa pindo la mkono. "Ungeniambia tu. Ungesema, Zebo, weka kitu. Ningeweka zabibu kavu."

Salomat akatazama chini ya daraja. Maji ya mfereji yalipita yamebeba majani ya mforosadi. Alifikiri: nilikuwa nikimwomba Mungu amrudishe, na huku nikiifunga njia yake kwa mikono yangu mwenyewe.

"Kosa ni langu," akasema. "Nipe nizungumze na huyo mama. Kwa mdomo, si kwa kuandika."

Pale pale darajani Zebo akashikilia simu, akabonyeza pa kurekodi ujumbe wa sauti. Kikazakhi na Kiuzbeki ni lugha za ndugu. Watu wakisema polepole huelewana.

"Assalamu alaikum, dada Raushan," Salomat akasema, kwa sauti kubwa kama anamwita mtu ng'ambo ya mfereji. "Mimi ni mama wa nyumba. Jina langu Salomat. Mkwe wangu hakufanya kosa, wala wewe hukufanya. Jozi ziliwekwa na mimi, nazo ndizo zilizovunja kombe lako. Uliambiwa neno baya. Lirudi kwangu. Nisamehe kwa ajili ya Mungu. Tutakutumia jingine." Akafikiri. "Na hongera ya harusi."

Jibu lilikuja wakiwa wamefika uani. Zebo akaliweka kwa sauti, na Yoqub akasimamisha gurudumu asikie.

"Wa alaikum salaam, dada Salomat." Ilikuwa sauti ya mwanamke mnene, mwenye pumzi fupi. "Umenitoa machozi, ehe, nami nina wageni sebuleni. Kile kifurushi nilikiona. Sikukitaja. Mtu akupe zawadi halafu uiweke kwenye malalamiko, nitakuwa mtu gani? Mume wangu akasema andika, nikakataa. Jozi zenu tamu. Tumezila zote, maganda akachezea paka. Nitumie kombe jingine. Harusi iko mbele bado. Likifika zima nitawaandikia wenye soko kwamba tumemalizana. Likifika limevunjika, dada, nitafanyaje? Sitaweza kusema uongo."

"Mungu akuweke," Salomat aliiambia simu iliyokwisha kunyamaza.

Yoqub akakohoa, akayasugua matope ya mkononi. "Basi yule mama si mwizi," akasema, akarudi kwenye gurudumu bila kumtazama mtu.

*

Kombe jingine, lile alilokuwa akilichora Zebo simu ilipolia, lilitoka tanurini Ijumaa asubuhi. Salomat alilipiga kwa kidole, likalia mlio mrefu ulioelea uani mpaka ukaisha wenyewe. Lakini lingefika Almaty wiki ijayo, na Dilmurod alikuwa akingoja jibu saa ile.

"Mwambie wewe," Zebo akasema, akamnyooshea simu. "Mimi siwezi. Nikisema njoo, na duka likafungwa, atakuwa kaacha kazi bure. Nikisema baki..." Hakumaliza.

Salomat alimweleza mwanawe yote, tangu magazeti mpaka kucha za karani. Upande wa pili kikasikika kicheko.

"Umevunja makombe matatu kwa jozi, mama?"

"Matatu."

"Baba angecheka mpaka angeanguka kutoka kwenye gurudumu." Alicheka tena, mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia, sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa hiyo mama. Nimwambie nini msimamizi? Ukisema nije, nakuja leo hii."

Alijua kwamba ni kweli. Angesema neno moja tu, na mwanawe angeingia mlangoni pale na mfuko wake begani, akanyoosha mkono juu kuuchukua ule mkate. Aliutazama. Alitazama tanuri, kuni zilizobaki kidogo, na Zebo aliyempa mgongo akijifanya anakusanya burashi.

"Mwambie unabaki, mwanangu," akasema. "Baki msimu huu. Uvae sweta."

"Naam, mama," Dilmurod akasema, upesi mno.

Hapo Zebo aliketi chini kwenye ngazi, akalia bila kujificha. Salomat akamwacha alie. Kisha ikawa kazi. Gari la posta halingoji mtu. Zebo akaleta boksi, akatandaza plastiki, akalaza kombe. Akayaweka magazeti pembeni yake, akamtazama mama mkwe wake kwa woga kidogo, kama anayeomba ruhusa.

"Mama, zabibu zimekwisha. Na kitu kigumu hatuwezi."

"Ngoja," Salomat akasema.

Akaingia ndani. Zebo akasikia sauti ya uzi unakatwa kwa meno, kisha mwingine, kisha mwingine. Salomat alipotoka, aproni yake ilikuwa imejaa pamba nyeupe, nyepesi, iliyochambuliwa.

"Mama! Hiyo si ya mfarishi wa Dilmurod?"

"Safi hii. Si takataka, wala haina ganda." Akapiga magoti, akaanza kuijaza ndani ya bonde la kombe, anashindilia kwa ngumi taratibu kama alivyokuwa akijaza mfarishi, mpaka maua yote ya samawati yakafunikwa. "Mwambie Raushan ashonee bibi arusi mto."

"Na yeye? Atajifunika nini?"

"Nimetoa nusu." Salomat akasema bismillahi, akafunika, akamwonyesha kwa kidevu ilipo selotepu, chini ya goti la Zebo mwenyewe. "Baridi hii haji. Atakuja jua likiwaka. Mwembamba utamtosha."

Zebo akafunga boksi pande zote. Akaliinua sikioni, akalitikisa, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, kama gari kwenye barabara mbovu. Wote wawili wakasikiliza.

Halikutoa sauti yoyote.

Zebo akaondoka nalo kuelekea posta, kwa yule mwenye kucha. Salomat akarudi ndani, akakaa chini ya ule mkate, akautandika mfarishi mapajani. Aliisambaza nusu ya pamba iliyobaki mpaka pembe zote zikapata, akaitia sindano uzi, akaanza kuufunga kwa mshono.